Shajara ya mradi: Windows 2000 ya mashine ya kudarizi ya Mama Mdogo, Mtwara

Jumatatu, usiku

Mama Mdogo alipiga simu saa mbili asubuhi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe: "Mwanangu, kompyuta imekataa kuwaka, na watu wa sare za shule wananitazama mimi." Nikafunga begi la vifaa, nikapanda bodaboda hadi kibandani kwake Chikongola.

Kompyuta yenyewe ni ile kubwa ya rangi ya maziwa iliyokuja pamoja na mashine ya kudarizi. Nilipofungua ubavu nikaona kazi imeisha. Kapasita tano karibu na prosesa zimevimba vichwa, mbili zimeshatoa maji, na soketi za kumbukumbu zimeota ukijani. Feni imevuta hewa ya bahari miaka yote hiyo na kuimwaga juu ya shaba. Ubao huu sitahangaika nao. Kilicho hai ni diski kuu ya GB 40, na hiyo ndiyo yenye mali: michoro yote ya nembo za shule, majina, maua ya vitenge, vitu alivyovitengeneza mwenyewe kwa mkono wake kwa zaidi ya miaka kumi.

Niandike hali ilivyo ili nisije nikasahau kwa nini nilichagua njia hii. Mashine ya kudarizi inapokea mchoro kwa njia mbili tu, kwa flopi au kwa waya wa siriali, ule wa zamani unaopitisha data biti moja baada ya nyingine. Kisomeo cha flopi kilikufa zamani. Waya unaendeshwa na programu iliyokuja na mashine, na programu hiyo inataka Windows 2000, toleo la zamani la Windows. Programu mpya za kudarizi zipo, hata za bure. Ink/Stitch ninayo kwenye laptopu yangu na inafungua faili za DST, yaani faili za michoro ya kudarizi, bila shida. Ila haijui kusalimiana na mashine hii. Nilijaribu kuisukumia faili moja kwa moja kupitia waya, ikakaa kimya kama haijaguswa, maana kabla ya kupokea chochote inasubiri maneno fulani ambayo programu yake pekee inayajua.

Na lipo la pili ambalo kwangu ni zito kuliko hilo. Mama Mdogo anaifahamu programu ile kama anavyoifahamu sindano. Wiki hizi pesa za korosho zinaingia mikononi mwa watu, wazazi wanashona sare kabla shule hazijafunguliwa Januari, na ana nembo 340 za shule tatu. Huu si wakati wa kumwambia aanze darasa jipya.

Basi mpango ni kompyuta pepe: Windows 2000 iishi ndani ya kompyuta nyingine kama programu, iamini kwamba ina mwili wake. Kompyuta ya nje nitaiita mwenyeji, ya ndani nitaiita mgeni.

Usiku huu nimechomeka diski ya zamani kwa adapta na kuinakili nzima kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Sehemu chache ndogo hazikusomeka mara ya kwanza, zikasomeka mzunguko wa pili. Folda ya michoro imetoka kamili. Nimeweka nakala mbili, moja naondoka nayo nyumbani Ligula.

Jumanne, mchana

Mwenyeji ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, RAM GB 8, nimeiwekea Debian 13, ambayo ni aina ya Linux, na VirtualBox 7.1, programu ya kuendesha kompyuta pepe, niliyokuwa nayo kwenye flashi. Nikatengeneza mgeni, nikampa jina "darizi": prosesa moja, MB 256 za RAM, diski ya GB 8 kwenye kidhibiti cha IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Windows 2000 haina draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya SATA ambayo ni njia mpya zaidi, kwa hiyo ukiiwekea SATA inafika njiani na kukufia kwa skrini ya bluu.

Nikabonyeza kuwasha. Haikuwaka. Ujumbe: VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE.

Hili nililielewa baada ya kama saa nzima, na ninaliandika kwa sababu linaweza kumkuta anayehamia Debian hii na VirtualBox yake. Prosesa ina uwezo maalumu wa kuendesha kompyuta pepe, Intel wanauita VT-x, na kwa wakati mmoja unashikwa na mmoja. Linux ina chombo chake cha kazi hiyo, KVM. Zamani KVM ilikuwa inaushika uwezo huo pale tu unapowasha kompyuta pepe ya kwake. Tangu toleo 6.12 la keneli, kiini cha Linux, inaushika mara moduli yake inapopakiwa, yaani tangu kompyuta inapowaka, hata kama hakuna anayeitumia. VirtualBox ikija inakuta mlango umefungwa kwa ndani. Sikutaka kuing'oa KVM, nikaiambia tu isubiri ihitajiwe, kwa mstari mmoja ndani ya faili la /etc/modprobe.d:

options kvm enable_virt_at_load=0

Nikawasha upya mwenyeji, na mgeni akaamka.

Jumanne, usiku

Usiku huu umenila, na bado sijutii, kwa sababu nimejifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

CD ya Windows 2000 ya Mama Mdogo ni halali, imo kwenye bahasha yake na namba yake, na toleo hili lilitoka kabla Microsoft hawajaanza utaratibu wa kuidhinisha kwa mtandao, kwa hiyo kubadilisha kompyuta hakuleti maswali. Usakinishaji ukaanza vizuri. Skrini ya bluu ya maandishi, kunakili mafaili, kuwaka upya, kisha ile sehemu ya dirisha. Ikafika kwenye kusajili vipengele, ikazima na kujiwasha yenyewe. Nikadhani CD ina mikwaruzo. Nikatengeneza nakala ya CD kama faili, nikalinganisha mara mbili, zinafanana baiti kwa baiti. Nikaanza tena. Safari hii ikalalamika kwamba imeshindwa kuweka msgina.dll, faili la dirisha la kuingia. Mara ya tatu ikajaza diski yote ya GB 8 kwa mafaili matupu ya kumbukumbu hadi ikakosa pumzi.

CD moja, kompyuta moja, makosa matatu tofauti. Kitu kilichoharibika huwa kinakosea pale pale. Kosa linalobadilika mahali ni la mashindano: vitu viwili vinakimbizana na mshindi si yule yule kila mara.

Nikauendea mwongozo wa VirtualBox, na jambo hili limeandikwa humo waziwazi. Draiva ya diski ya Windows 2000 ina kasoro. Ikiagiza kitu kutoka kwenye diski, bado kuna hatua ndogo inatakiwa kuimaliza kabla jibu halijarudi. Kwenye diski ya chuma, sahani inazunguka, kichwa kinasogea, na draiva inamaliza hatua yake kwa raha. Ndani ya kompyuta pepe hakuna cha kuzunguka. Jibu linarudi papo hapo, draiva bado imeinama, na data inaharibika. Yaani kasoro ilikuwemo humo tangu mwaka 2000, ila ilifichwa na uzito wa diski za wakati ule. Kompyuta yangu imekuwa nyepesi mno kwa mgeni wake.

Dawa ni kumcheleweshea jibu kwa makusudi:

VBoxManage setextradata "darizi" "VBoxInternal/Devices/piix3ide/0/Config/IRQDelay" 1

Hiyo 1 ni milisekunde moja. Mwongozo unaruhusu kupanda hadi 5 kama moja haitoshi. Nikafuta diski ya mgeni yote, maana yale majaribio matatu yalikuwa yameacha uchafu ambao sikuweza kuuamini, nikaanza na diski tupu. Saa saba usiku dirisha la kuingia likatokea. Nimelikodolea macho kwa muda. Dirisha lile niliwahi kuliona nikiwa mtoto, nimekaa chini ya meza ya Mama Mdogo naokota vipande vya nyuzi.

Jumatano

Asubuhi ya kazi ndogondogo. Herufi za skrini zilikuwa kubwa mno, nukta 640 kwa 480 na rangi 16, kwa sababu Windows 2000 bila draiva ya kioo haijui zaidi ya hapo. Nembo ya kijani na dhahabu ilionekana ya matope. Nikachagua kadi ya kioo ya kuigiza ya VBoxVGA, nikaweka Guest Additions, draiva za VirtualBox kwa ajili ya mgeni, za mfululizo wa zamani wa 6.0, rangi zikarudi. Programu ya kudarizi ikaingia bila ubishi, ikaomba namba iliyo kwenye kadi ya karatasi, ikaridhika. Michoro nikaipitisha kwa folda ya pamoja. Kadi ya mtandao ya mgeni nimeiondoa kabisa. Microsoft waliacha kuitengenezea Windows 2000 marekebisho ya usalama tarehe 13 Julai 2010, na kazi ya kudarizi haihitaji intaneti.

Saa ilinichanganya kidogo. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mgeni akaonyesha 6:40. Nilipochagua aina ya mgeni niliacha alama kwamba saa ya ndani ifuate UTC, saa ya kimataifa, wakati Windows inaisoma saa hiyo kama ya hapa hapa. Tofauti ni zile saa zetu tatu. Mama Mdogo aliona kabla yangu: "Hii inasema kumi na mbili na dakika arobaini, mbona jua limeshapanda?" Nimeondoa alama, imekaa sawa. Kwake ni muhimu, anatafuta michoro kwa tarehe na saa aliyoihifadhi.

Nikapiga picha ya hali ya mgeni, snapshoti, ili nikiharibu niweze kurudi hapa. Na kweli, saa nane mchana umeme ukakatika katikati ya kunakili. Uliporudi Windows ikakagua diski yake yenyewe na hakuna kilichopotea. Kesho nakuja na UPS yangu ya nyumbani, betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Alhamisi

Leo ndiyo siku ya waya, na ndiyo siku niliyodhani itakuwa rahisi.

Kompyuta mpya haina poti ya siriali, kwa hiyo nimetumia adapta ya USB yenye chipu ya kampuni ya FTDI, inayogeuza USB kuwa siriali. Kwa mwenyeji inaonekana kama /dev/ttyUSB0. Nikajiingiza kwenye kundi la dialout, linaloruhusiwa kutumia poti za siriali, nikamwambia VirtualBox kwamba COM1 ya mgeni, yaani poti yake ya kwanza ya siriali, ni ile ttyUSB0. Programu ikapiga hodi, mashine ikaitika. Nilifurahi mapema.

Jaribio la kwanza: jina la mtoto, mishono kama 900. Mashine ikapokea, ikashona safi kabisa. Mama Mdogo akapiga makofi.

Jaribio la pili: nembo yenyewe, ya shule ya msingi, mnazi na kitabu ndani ya duara, mishono 8,000. Mnazi ukatoka vizuri, shina na makuti. Ikaanza kitabu, ukurasa mmoja ukakaa, kisha sindano ikaruka pembeni, ikachora mstari mrefu kukatiza mnazi, ikarudi, ikaruka tena. Tulizima. Kitambaa kilikuwa kimefungamana kama wavu uliokwama kwenye mwamba.

Nilianza na faili. Nikaichukua DST ile ile, nikaifungua kwa Ink/Stitch kwenye laptopu. Nzima, mnazi na kitabu viko mahali pake. Kwa hiyo mchoro umeondoka mzima na umefika mbovu.

Niliangalia waya. Nikafungua vichwa vyote viwili, nikapima kwa mita: pini 2 na 3 zinapishana, 5 kwa 5, na 7 na 8 zinapishana pia. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazobeba "subiri" na "endelea", na mafundi wengi wakiunga waya wanaziacha. Huu zipo. Waya hauna kosa.

Nikarudia nembo. Ikaharibika tena, si pale pale hasa, ila jirani, kwenye kitabu. Nikashusha kasi kutoka biti 9600 kwa sekunde hadi 4800 pande zote mbili. Ikaharibika tena, lakini mbele zaidi, karibu na duara.

Hapo nikakaa chini. Kama ingekuwa kelele kwenye waya, ingeharibu popote, hata kwenye jina la mtoto. Hii inaharibu baada ya kiasi fulani kupita, na ukienda polepole kiasi hicho kinaongezeka. Ni kama kumimina maji kwenye mtungi wenye tundu chini. Ukimimina polepole unachelewa kufurika, lakini unafurika.

Ni Mama Mdogo aliyenionyesha jibu, na nataka hili likae kwenye kumbukumbu kama alivyolisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ming'oko, anaitazama mashine wala si mimi. Akasema, "Zamani ikiwa inapokea mchoro mkubwa, hii taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Inawaka, inazima, inawaka. Leo imewaka tu moja kwa moja."

Nikamuuliza nembo hii ilikuwa inachukua muda gani kuingia. "Nilikuwa naweza kwenda kumlipa mtu wa maji nikarudi."

Nikapiga hesabu. Faili ya DST ina kichwa cha baiti 512, halafu baiti 3 kwa kila mshono. Mishono 8,000 ni baiti 24,000, jumla 24,512. Kwa kasi ya 9600, kila baiti ikibeba biti 10 pamoja na za mwanzo na mwisho, zinapita baiti 960 kwa sekunde. Ni sekunde 25 na nusu. Mtu wa maji halipwi kwa sekunde 25. Kompyuta ya zamani ilikuwa inasimama njiani mara nyingi, na taa ilikuwa ndiyo mashine inasema "subiri, bado nameza." Leo mashine inasema subiri na hakuna anayesikia. Ghala lake dogo la ndani linajaa, baiti zinamwagika chini. Na kwa kuwa kila mshono ni baiti tatu tatu, ikipotea moja tu, zote zinazofuata zinasogea nafasi: ya pili inasomwa kama ya kwanza, ya tatu kama ya pili. Ndiyo maana haikosei mshono mmoja na kuendelea. Inapotea njia kabisa.

Nikafungua mipangilio ya COM1 ndani ya Windows. Udhibiti wa mtiririko: hakuna. Nikaweka wa vifaa, yaani zile waya 7 na 8. Mama Mdogo akanisaidia kufunga kitambaa kipya kwenye fremu. Taa ikapepesa mara mbili! Kitabu kikakamilika. Tukashika pumzi. Duara likaanza, likafika robo, sindano ikaruka.

Nimerudi nyumbani na kitambaa hicho mfukoni.

Ijumaa, alfajiri

Sikulala vizuri, na saa kumi na moja nikaamka nimeshaelewa, au karibu.

Udhibiti upo, lakini unafika umechelewa. Fuata safari ya baiti moja. Programu inaitoa, Windows inaiweka kwenye COM1. Hiyo COM1 haipo, ni VirtualBox inayojifanya COM1. VirtualBox inaipokea na kumkabidhi mwenyeji, Linux inaiweka kwenye foleni yake, foleni inaipeleka kwenye chipu ya USB, chipu inaisukuma kwenye waya. Sasa mashine inasema subiri. Neno hilo linapanda njia ile ile kwa kurudi nyuma: chipu, Linux, VirtualBox, Windows. Windows inatii na kuacha kutoa. Lakini baiti zilizokwisha kutoka kwake zimejaa kwenye foleni ya Linux na kwenye chipu, na hao wa katikati hawakuambiwa wasimame. Wao wanaendelea kumwaga. Kwenye kompyuta ya zamani kati ya Windows na waya palikuwa na chipu moja tu, Windows ikiacha kutoa zinabaki baiti chache tu.

Ni ugonjwa ule ule wa Jumanne. Kule jibu lilirudi haraka kuliko draiva ilivyozoea, huku amri ya kusimama inachelewa kuliko mashine ilivyozoea. Vyote viwili ni mwendo.

Kwa hiyo niwaondoe wa katikati. Badala ya kumpa mgeni poti ya kuigiza, nimpe adapta yenyewe ya USB mkononi. Linux iiachie, VirtualBox ipitishe tu, na Windows 2000 iongee na chipu ya FTDI kwa draiva ya FTDI. Chipu hiyo inaujua udhibiti wa mtiririko yenyewe, ndani yake: mashine ikishusha mstari wa "endelea", chipu inaacha kutuma pale pale, bila kumuuliza mtu.

Ijumaa, jioni

Imechukua siku nzima, si kwa ugumu, kwa vikwazo vidogo vilivyopanga mstari.

Kwanza orodha ya vifaa vya USB ndani ya VirtualBox ilikuwa tupu. Mtumiaji lazima awe kwenye kundi la vboxusers, nami nilikuwa nimekumbuka dialout tu. Nikajiingiza, nikatoka na kuingia upya, adapta ikaonekana. Nikaweka kichujio cha 0403:6001, ambayo ndiyo namba ya chipu hii, ili kila mara mgeni akiwaka aipokee mwenyewe bila Mama Mdogo kubonyeza chochote.

Kidhibiti cha USB nimechagua 1.1. Windows 2000 haina draiva ya USB 3, na kwa kazi ya baiti 960 kwa sekunde 1.1 ni barabara ya lami mpaka mlangoni.

Draiva ya FTDI ya Windows 2000 ilinibidi kuitafuta kwenye CD zangu za zamani, maana za sasa zinakataa. Ikaingia. Halafu Windows ikaipa adapta jina COM5, na programu ya kudarizi inazijua COM1 na COM2 tu, imeandikwa na mtu ambaye hakufikiria kompyuta yenye poti tano. Nikaizima ile COM1 ya kuigiza ya VirtualBox, nikaingia Meneja wa Vifaa, mipangilio ya juu ya poti, nikaibadilisha adapta kuwa COM1. Kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimama, udhibiti wa vifaa.

Saa kumi na nusu. Kitambaa cheupe kwenye fremu, nembo ile ile. Mama Mdogo alikataa kukaa. Akabonyeza mwenyewe kutuma, kwa vidole viwili kama anavyobonyeza siku zote.

Taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Ikaendelea kupepesa, na upau wa programu ukawa unasogea na kusimama, unasogea na kusimama. Nilihesabu kwa simu: dakika moja na sekunde kumi na mbili. Halafu sindano ikaanza. Mnazi. Kitabu, kurasa zote mbili. Duara lote, likafunga pale lilipoanzia. Maandishi ya chini, herufi kwa herufi. Mashine ikakata uzi na kunyamaza.

Mama Mdogo akakitoa kitambaa kwenye fremu, akakigeuza, akaangalia upande wa nyuma kwanza. Mafundi wote wa kudarizi huangalia nyuma kwanza. Akapitisha kidole kwenye mafundo ya bobini, akasema, "Hii ni yenyewe."

Tukashona ya pili na ya tatu ili nisiamini bahati. Zote safi. Nikampa ile ndefu kuliko zote kwenye folda yake, ua la pazia la mishono 31,000, ikapita pia.

Jumamosi

Kukabidhi.

Kompyuta ikiwaka sasa inaingia yenyewe, inamwamsha "darizi", na Windows 2000 inajaza kioo chote. Hakuna kinachoonyesha kwamba kuna Linux chini yake. Nimemfundisha jambo moja tu jipya: akizima, azime Windows kwanza kama zamani, asubiri hadi kompyuta yote izime. UPS yangu nimeiacha pale. Inashika dakika chache, zinatosha kuzima kwa adabu.

IRQDelay, ule ucheleweshaji wa Jumanne: mwongozo unasema baada ya kusakinisha unaweza kuiondoa. Niliiondoa asubuhi, nikafungua na kufunga programu mara nyingi, nikanakili folda nzima ya michoro mara mbili, haikukosea. Hata hivyo nimeirudisha kuwa 1. Inapunguza kasi ya diski, lakini sikuona tofauti kwa macho, na diski ya zamani ilikuwa nzito kuliko hivi. Michoro yake siiweki rehani kwa ajili ya milisekunde.

Nakala: diski ya mgeni yote iliyokamilika iko kwenye diski ya nje, nyumbani kwangu Ligula. Michoro peke yake inanakiliwa kwenye flashi kila Ijumaa, kazi hiyo ameichukua binti yake wa kidato cha pili, na leo ameifanya mbele yangu bila kuuliza. Nikiwa sipo, ataweza pia kumrudisha mgeni kutoka kwenye diski ya nje. Hatua zake nimeziandika kwenye karatasi, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nyuzi.

Yaliyobaki. Adapta ya pili ya FTDI ya akiba, maana sasa kibanda chote kinategemea kipande kimoja cha plastiki chenye urefu wa kidole. Kifuniko cha kitambaa cha kompyuta usiku, kwa ajili ya hewa ya bahari, na hicho Mama Mdogo anashona mwenyewe. Kisomeo cha flopi cha mashine nitakifungua baada ya sikukuu, pengine ni mkanda wake tu umelegea.

Nilipoondoka saa kumi na mbili jioni nembo 118 zilikuwa zimepangwa mezani, na taa ya kijani ilikuwa inapepesa kwa ajili ya ya 119.